Elimu ya Mtoto Mwenye Ulemavu: Deni au Sadaka?

Kuna swali ambalo watu wa hapa Kampala huliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wanaona aibu kuliuliza kwa sauti kubwa. Swali lenyewe ni hili: pesa zikiwa kidogo, je, ni haki kutumia nyingi kwa mtoto mmoja mwenye ulemavu, wakati pesa hizo hizo zingesomesha watoto watano ama kumi wasio na ulemavu?

Mimi nafanya kazi na vijana wakimbizi katika mitaa ya Makindye na Katwe. Swali hili nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wafanyakazi wa mashirika. Katika kikao kimoja cha wazazi tulikuwa tunaeleza habari za mashine ya kuandikia nukta nundu, yaani yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mashine moja mpya inapita shilingi milioni mbili. Mama mmoja kutoka Kivu akanyoosha mkono, akasema: "Sasa kwa bei ya ile mashine moja, si mungelipia batoto kumi fizi?"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Lakini mama huyo si mtu mbaya. Ana watoto wanne, anatembeza vitenge tangu asubuhi mpaka jua linazama, na hesabu anazijua kuliko wengi wetu. Anastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa mahubiri. Hapa najaribu kumjibu.

Tuanze na yale yaliyoandikwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 30, inasema kila mtu ana haki ya elimu. Kifungu cha 35 kinasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao, na kwamba Serikali na jamii zichukue hatua ili wafikie uwezo wao wote wa akili na wa mwili. Mwaka 2006 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hiyo ilifanya kitu ambacho sheria nyingi huogopa kukifanya: ilitaja kiasi. Ilisema katika matumizi yote ya elimu, isiyopungua asilimia 10 iende kwenye mahitaji ya elimu ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2008 Uganda ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 ni cha elimu.

Bajeti zikasomwa kila Juni, mwaka baada ya mwaka, na asilimia 10 haikufika. Mwaka 2020 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile. Lakini mimi nabaki kidogo na ile ya 2006, kwa sababu inatufundisha jambo.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Sasa tujiulize, deni ni nini? Deni lina alama tatu. Kwanza lina kiasi: unajua unadai shilingi ngapi. Pili lina mdaiwa: unajua mlango wa kubisha. Tatu, anayedai haendi kwa kuinama. Anasalimia, anakaa, anauliza, "Ndugu, ile pesa yangu imefika wapi?" Na hata kama hakulipwa siku hiyo, anaondoka na heshima yake.

Sadaka ni kinyume. Haina kiasi, ni chochote mtoaji alichojaliwa. Haina mdaiwa, mtu akikupita bila kukupa hujui umshitaki wapi. Na anayeipokea lazima ashukuru, hata kama ni kidogo, hata kama imekuja kwa kuchelewa. Sadaka ni kitu kizuri, dini zetu zote zinaisifu. Kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini mtu aliyekopa pesa yako hawezi kukulipa nusu halafu akakuambia ushukuru kwa sababu kutoa ni moyo.

Hapo ndipo penye jambo langu. Haki inayohitaji pesa, ikinyimwa pesa, haifi. Inageuka kuwa sadaka. Mtoto anabaki na haki yake kwenye karatasi, lakini shuleni anaingia kama mtu wa kuhurumiwa. Mwalimu akiwa na moyo mzuri, mtoto atakaa mbele. Mwaka ukibadilika, akija mwalimu mwingine, atakaa nyuma. Mfadhili akija, kutakuwa na kiti cha magurudumu, bango na picha. Mtoto anayeona akisoma ubaoni, hakuna anayempiga picha ili kuonyesha kwamba amepewa ubao. Ubao ni wake, hata haambiwi ashukuru.

Uganda ina mfano mwingine wa jambo hili. Mwaka 1997 Serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, ile tunayoiita UPE. Mwanzoni kila familia iliruhusiwa watoto wanne tu, na maelekezo yalisema katika hao wanne, mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi ya kwanza. Fikiria uzuri wa wazo hilo. Zamani katika familia nyingi mtoto mwenye ulemavu alikuwa wa mwisho: wote wakishapata, naye tutaona. Sasa Serikali inasema yeye ndiye wa kwanza kuandikwa.

Lakini kuandikwa wa kwanza si kufundishwa wa kwanza. Mtoto kiziwi aliandikwa, akakaa darasani na watoto wengi sana, mbele yake mwalimu anayefungua na kufunga mdomo. Ruzuku ya UPE inahesabiwa kwa kichwa, na miaka ya karibuni imekuwa kama shilingi 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ziko shule na vitengo maalum vinavyopata ruzuku ya ziada, lakini ni vichache, na mtoto wa shule ya kawaida ya mtaani haoni tofauti. Kwa kichwa chake imeletwa ile ile ya jirani yake anayesikia. Nafasi ya kwanza alipewa. Kitu cha kuifanya iwe nafasi hakupewa.

Mtu atasema: lakini si ndiyo usawa huo? Kila kichwa, kiasi kimoja. Hapa sisi wakimbizi tuna la kusema, kwa sababu mgawo tumeusomea kwenye foleni. Wenzetu wa makambini wanakumbuka mwaka 2023, Mpango wa Chakula Duniani ulipopunguza msaada na kuwagawa watu katika makundi kulingana na uhitaji. Waliohitaji zaidi walipata zaidi, wengine kidogo, wengine wakaondolewa. Watu walilalamika sana, na wengi walikuwa na sababu: waliona wamewekwa kwenye kundi lisilo lao, ama wameondolewa na hawana kitu. Lakini angalia walilalamikia nini. Sikusikia mtu akisema bibi mgonjwa anayelea wajukuu peke yake apate sawa na kijana mwenye duka. Tulibishana juu ya nani yuko kundi gani. Kwamba wanaohitaji zaidi wapate zaidi, hilo tulilikubali bila kuambiwa.

Basi kumbe tunajua. Sawa na haki ni vitu viwili. Kuwapa wote viatu namba 40 ni sawa, lakini si haki.

Mfano mdogo zaidi. Bodi ya mitihani ya Uganda, UNEB, huwapa watahiniwa wenye ulemavu dakika 45 za nyongeza katika mtihani. Sijasikia mtu wa akili akisema huo ni upendeleo. Kusoma ukurasa kwa vidole kunachukua muda kuliko kusoma kwa macho, basi dakika zinaongezwa ili wote wapimwe kitu kimoja, yaani wanachokijua, si kasi ya vidole. Tumekubali kuongeza dakika. Kwa nini tunaona ugumu kuongeza shilingi? Jirani zetu Kenya wamekubali: ruzuku ya mwanafunzi mwenye ulemavu katika shule ya msingi ina nyongeza juu ya ile ya kawaida. Si kwamba imemaliza shida zao, lakini wameweka wazo kwenye hesabu.

Sasa nirudi kwa yule mama na batoto kumi. Hesabu yake ina shimo moja, na si yeye aliyelichimba. Inadhani kwamba mashine isiponunuliwa, zile milioni mbili zimeokolewa. Hazikuokolewa. Zimehamia.

Nenda kwenye nyumba ya chumba kimoja, Katwe ama Nsambya, yenye mtoto ambaye hakupokelewa shuleni. Utamkuta mtoto huyo yuko ndani. Halafu angalia ni nani yuko naye. Mara nyingi ni dada yake, wa miaka 12 ama 13, ambaye angekuwa P.6 sasa. Mama hawezi kubaki, akibaki hakuna chakula jioni. Basi dada anabaki. Au mama anabaki, na vitenge vinabaki vimekunjwa kwenye mfuko, na deni la nyumba linapanda. Ile pesa ambayo bajeti haikuitoa inalipwa kila siku, ila inalipwa na msichana ambaye hakuulizwa. Tukihesabu vizuri, mashine moja haikushindana na watoto kumi. Kukosekana kwake kumemtoa shuleni mtoto wa pili, bila risiti.

Kuna shimo la pili katika hesabu. Tunasema mtoto asiyeona ni "ghali". Ghali kuliko nani? Darasa lina ubao, chaki, madirisha makubwa ya kuleta mwanga, chati za rangi ukutani, vitabu vyenye picha. Vyote hivyo ni gharama za macho. Mtoto asiyeona hana haja na hata kimoja. Lakini hatuviiti mahitaji maalum ya wanaoona. Tunaviita shule. Ngazi za kupanda ghorofa ya pili ni gharama ya miguu, hatuziiti msaada. Shule yenyewe ilijengwa kwa miili ya aina fulani, na pesa za wote zikatumika kuijenga. Aliyeachwa nje akija kudai mlango, tunamwambia mlango wake ni ghali. Mimi naona gharama haimo mwilini mwa mtoto. Imo katika jengo tulilolijenga tukimsahau.

Wengi wetu, tukitaka kumtetea mtoto kama huyu, tunasema hujafa hujaumbika. Ni methali ya maana. Inatukumbusha tusicheke, kwa sababu hakuna ajuaye kesho ajali ya boda boda itamfanya nini. Sisi tuliokimbia vita tunaielewa haraka: jana mtu alikuwa na nyumba na ng'ombe, leo anaomba namba kwenye foleni. Lakini naogopa kuisimamisha haki yote juu ya methali hii. Inasema nimsaidie kwa sababu kesho ninaweza kuwa yeye. Na kama kuna kitu nina hakika hakitanipata? Mimi sitazaliwa tena kiziwi. Je, mtoto aliyezaliwa kiziwi hanidai kitu? Ananidai, hata kama sitakuwa yeye kamwe.

Wengine wanamtetea kwa faida. Wanasema: msomesheni, huwezi kujua atakuwa nani, mtazameni Alex Ndeezi, ni kiziwi na aliingia Bunge la Uganda mwaka 1996. Kweli, na vijana wetu viziwi wanapaswa kulijua jina hilo. Lakini tukisimama hapo tu, tutasema nini juu ya mtoto mwenye ulemavu wa akili ambaye baada ya miaka saba ya shule atajua kuandika jina lake, kuhesabu chenji na kupanda taksi peke yake mpaka mjini? Hatakuwa mbunge. Atakuwa mtu anayejua kurudi nyumbani. Kwangu hiyo ni elimu, na deni lake halipungui eti kwa sababu hatutapata faida.

Sasa swali gumu zaidi, ambalo najua baadhi ya wasomaji wanalo moyoni. Sawa, Serikali ya Uganda ina deni na mtoto wa Uganda. Je, na mtoto wa Congo, wa Burundi, wa Sudani Kusini? Sisi si wageni?

Ni wageni, na nchi hii imetupokea zaidi ya watu milioni moja na nusu, kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Asiyelishukuru hilo ana moyo mgumu. Lakini shukrani haifuti sheria. Mwaka ule ule wa 2006 Uganda ilipitisha pia Sheria ya Wakimbizi, na ndani yake imeandikwa kwamba katika elimu ya msingi mkimbizi atatendewa sawa na raia. Weka sheria mbili za 2006 pamoja, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, halafu mwangalie mtoto mkimbizi asiyesikia. Yuko katikati, na zote mbili zilimtaja.

Tena sisi hatuishi bure. Mkimbizi wa Kampala, ambaye wengi wao hawapati chakula cha msaada, akinunua sabuni dukani analipa ndani yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Akitoa pesa kwenye simu anakatwa asilimia 0.5 ya kodi. Yule mama wa vitenge ni mlipa kodi. Hana hati ya kuonyesha, lakini ni mlipa kodi. Kwa upande mwingine, utaratibu wa Uganda unataka asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafikie pia wenyeji. Basi pesa zetu zimeshachanganyika zamani. Njia ya mteremko inayojengwa shuleni haiulizi kitambulisho cha magurudumu yanayopita juu yake.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi pesa zipo zimefichwa mahali. Shule nyingi za hapa zina shida hata ya choo, na tangu misaada ilipokatwa mwaka 2025 kila ofisi inapunguza. Mdaiwa anaweza kukosa. Lakini tunajua tofauti ya mdaiwa aliyekosa na mdaiwa anayejificha. Aliyekosa anakuja, anakaa na wewe, anasema: sina yote, chukua hizi, nyingine mwezi wa nane. Anayejificha anabadilisha njia akikuona. Asilimia 10 ikishindikana, semeni mnaweza ngapi mwaka huu na ngapi mwaka ujao. Deni linaweza kulipwa pole pole. Haliwezi kulipwa kwa kimya.

Na tusiseme hatujui pa kuanzia. Taasisi ya kitaifa ya elimu maalum iliundwa kisheria, na mwaka 2003 ikaungana na nyingine kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, hapa hapa Kampala. Walimu wa elimu maalum wamefundishwa hapa miaka zaidi ya thelathini. Lugha ya alama imetajwa hata katika Katiba. Ujuzi upo. Mwalimu aliyejifunza nukta nundu, akipelekwa shule isiyo na karatasi za nukta nundu, ni kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa bila uzi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina neno moja. Kila mara mnakuja na yale maswali sita: una ugumu wa kuona? wa kusikia? wa kutembea? wa kukumbuka? wa kujihudumia? wa kuwasiliana? Ni maswali mazuri, bila hesabu hakuna bajeti. Lakini mkishauliza, mtu ameshawapa kitu, amewaambia mambo ya ndani ya nyumba yake. Rudini mseme hesabu ilitoka vipi na ilipelekwa wapi, hata kama jibu ni kwamba hakuna pesa. Mtu anayerudi kutoa jibu amekubali kwamba anadaiwa.

Kwa wazazi na vijana wenzangu nina maneno machache pia. Mtoto asifichwe ndani wageni wakija, kwa sababu mtoto ambaye hakuhesabiwa hata nyumbani hataonekana kwenye bajeti ya mtu yeyote. Na mkienda kwenye kikao cha shule, msiende kuomba mwalimu mkuu amhurumie. Muulizeni mambo matatu: shule hii imeandikisha watoto wangapi wenye ulemavu; ni pesa kiasi gani imeingia kwa ajili yao mwaka huu; na kama haikuingia, ni ofisi gani tuiandikie. Kiasi, mdaiwa, na sauti isiyotetemeka. Huenda jibu la kwanza litakuwa "hakuna kitu". Liandikeni na tarehe yake, na muhula unaofuata mwende tena.